Kwa Mwanaidi, Mwonja Udongo Wangu

Mwanaidi mwanangu,

Hivi sasa tu umeinama kwenye jaruba la mwisho, umebana udongo kwa vidole viwili, umeutia ulimini kama mtu anayeonja mchuzi, ukatema pembeni, ukanambia, "Bado, mama. Bado una chumvi." Kisha ukajipangusa midomo kwa ncha ya leso, tena leso yangu, si yako, ukashika njia ya Muyeye kwenda kulala kwa bibi yako. Hukugeuka mpaka ulipofika kwenye ule mnazi uliokatika kichwa. Hapo ukageuka, ukapiga kelele, "Mama, usipande kesho! Ngoja maji yapite tena!" Nikakwambia nimesikia. Ulidhani nalia. Wakati ule sikuwa nalia. Nimelia baadaye.

Leo ni zamu yetu ya maji, ndiyo maana sikufuatana nawe. Pampu ya kikundi ikishatupita leo hairudi kwetu mpaka wiki ijayo, na maji mekundu ya mto Sabaki hayamngoji mtu anayeagana na watu. Basi nimeifudikiza ndoo, nimeikalia, daftari lako la zamani la hesabu liko pajani, na maji yanaingia jarubani polepole. Mama Dama yuko kule chini, mwisho wa mfereji, na jembe lake begani. Tumepatana kwamba maji yakianza kutokea upande wake ataniita. Mpaka aniite, mimi ni wako.

Jioni mjomba wako Athmani atakuja na pikipiki kuchukua sanduku, nami nitaitia barua hii chini ya sare zako. Kesho alfajiri nitakuja stendi, lakini najijua. Nitakuuliza kama umekula, nitakuuliza kama sweta umelichukua, kisha nitaangalia magurudumu ya basi mpaka yaondoke. Kwa hivyo yaliyo moyoni nayasema hapa. Ya sabuni, ya sala, ya kufuli la sanduku, hayo unayajua kunishinda. Usinicheke mwandiko. Mimi niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeandika barua mbili tu, zote kwa babako, na hakujibu hata moja.

Nataka nikupe habari ya chumvi. Utasema unaijua, kwani ulikuwapo. Ulikuwapo, lakini ulikuwa na miaka kumi na miwili, na kuna kitu nilikuficha.

Babako, kama ujuavyo, alikwenda Kikambala kufanya kazi hotelini. Kwanza alikuja kila mwisho wa mwezi. Halafu akawa anakuja Idi kwa Idi. Halafu tukasikia ana nyumba huko, na mke ndani ya nyumba. Wewe ulikuwa na miaka kumi, mimi ishirini na saba, na sikutaka kurudi Muyeye kukaa ukumbini kwa mamangu watu wakipita kunitazama. Nikakodi shamba hili kwa Mzee Aboud. Alinileta hapa mwenyewe, na kofia yake na bakora yake, akachota kisimani kwa kata, akanipa. "Kunywa, mwanangu. Maji baridi haya." Nikanywa. Yalikuwa baridi kweli.

Unakwenda bara, basi hilo neno lichunge. Sisi maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, hata yawe yamepata moto juani. Huko ukiomba maji baridi watakuletea ya friji, na ukiwaeleza watakucheka bweni zima. Mzee Aboud hakunidanganya. Ulikuwa mwezi wa sita, masika yametoka kupita, na maji ya mvua yalikuwa yamelala juu kisimani. Kosa langu ni kwamba sikurudi kuonja wakati wa kaskazi, kisima kimeshuka na mvua ziko mbali. Nilionja mara moja, nikaamini miaka yote. Hata babako nilimwamini hivyo hivyo.

Na maji yale yaligeuka nasi tumo ndani yake. Kila siku yalizidi ukali kidogo, na kila siku ulimi wangu ukazoea kidogo. Wewe mchana ulikuwa ukinywa maji ya tangi shuleni, ndiyo sababu ulimi wako ulibaki mzima. Kuna siku ulirudi ukanywa funda moja la chai yangu, ukakunja uso. "Mama, umetia chumvi badala ya sukari?" Nikakwambia acha maringo. Ile chai nikaimaliza mwenyewe, na wallahi sikuonja kitu.

Sasa, nilikuwa naogopa kisima kisije kikakauka, basi nikawa namwagilia kidogo kidogo. Kila jioni kopo moja kwa kila shina, udongo upate rangi tu juu. Nikajiona mwangalifu. Watu wakipita wakasema, "Mama Mwanaidi hapumziki huyu," nami nikafurahi. Kumbe maji yale hayashuki hata kina cha kidole. Jua linayanywa, na chumvi yake linaiacha pale pale.

Ilipotokea nyeupe ya kwanza, kama unga uliomwagika, unajua nilifanya nini? Nilifagia. Nicheke tu. Nimelelewa na bibi yako, ambaye jua likimkuta uwanja haujafagiwa hujiona kama amesimama bila nguo. Nikachukua fagio la chelewa nikafagia shamba. Kesho yake imerudi, nikafagia tena. Na yote nikawa naisukuma kwenye mfereji wa pembeni, uliochimbwa na mtu aliyelima hapa kabla yetu. Mimi nilidhani ni shimo la taka. Nikaujaza mpaka ukalingana na shamba.

Mchicha ukaanza kuungua kingo za majani, kama umepitishwa motoni. Bamia zikatoa maua zikayaacha. Wewe ukitoka shule unabeba debe kunisaidia, mkono umeinama upande, nami nakwambia, "Kidogo kidogo mama, usimwage."

Ndipo siku moja nikawa dukani na wanawake, nawahadithia. Mmoja wao, simtaji kwa kuwa keshahama, akasema, "Chumvi yatoka wapi shambani, shoga? Si mtu kaileta? Huyo jirani yako afanya kazi wapi vile?"

Wajua Mama Dama alikuwa akifanya kazi wapi. Alikuwa akienda Gongoni kufanya kibarua kwenye majaruba ya chumvi, anarudi jioni na miguu myeupe mpaka magotini, na alikata njia ukingoni mwa shamba letu. Nikaziona nyayo zake nyeupe kwenye njia. Huyu ni mtu niliyekula kwake siku ambazo kwetu hapakuwaka moto. Wewe na Dama wake mlikuwa mkilala mkeka mmoja. Nikamsubiri njiani.

"Mama Dama, nimekukosea nini?"

"Umenikosea? Lini?"

"Chumvi hii shambani kwangu ni ya nani?"

Akacheka, alidhani namtania. "Mama Mwanaidi, pakiti moja ya chumvi naila na wanangu mwezi mzima, leo nije nikumwagie wewe shamba zima? Ningekuwa na chumvi hiyo ningekuwa nimejenga ghorofa."

Alipoona sicheki, akaacha. Mimi nikasema maneno, Mwanaidi. Nikataja Wagiriama na dawa zao, nikataja uchawi, nikamtaja na mamake. Bibi yako angeyasikia angenizaba kofi, mtu mzima mimi. Mama Dama alisimama na ndoo yake kichwani mpaka nikamaliza. Akasema, "Basi nitapita njia ya juu." Tangu siku hiyo akawa anazunguka, na ile njia ya juu ni ndefu kwa mtu aliyesimama juani kutwa.

Wewe nikakwambia Dama ana upele, usilale kwao.

Haya, hapa ndipo penyewe. Unakumbuka Dama alivyohamia Vitengeni kwa bibi yake, na ukaona ameondoka bila kukuaga. Si kweli. Alikuja kukuaga. Ilikuwa baada ya alasiri, wewe uko chuoni kwa maalimu unasoma Kurani. Alipiga hodi, amevaa gauni lake la shule, amejipaka mafuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mwanaidi yuko?"

"Hayuko."

"Kesho naenda Vitengeni kwa hawe. Nimngoje?"

"Usimngoje. Atachelewa."

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imefungwa uzi mwekundu. "Basi mpe hii." Nikaipokea kwa ncha ya leso, kama mtu anayeshika mdudu. Naye aliona. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaona. Akasema, "Haya mama, kwaheri," akaenda, na alipita njia ya juu.

Sikukupa. Niliogopa ina dawa ndani, ndivyo nilivyojiambia. Miezi miwili ulikuwa ukikaa kwenye ule ukingo ukitazama njia. Siku moja ukaniuliza, "Mama, Dama alikasirika nini?" Nikakujibu, "Watoto wa watu huchoka." Ukauliza, "Alinichoka mimi?"

Nikaenda kufagia.

Karatasi ile sikuthubutu kuichoma wala kuifungua. Niliichomeka kwenye makuti, juu ya jiko. Jana nimepanda juu ya kigoda nikaitoa. Moshi umeipa rangi ya chai. Imo ndani ya barua hii, na uzi wake ni ule ule aliofunga yeye.

Masika ya mwaka uliofuata yalipiga kweli. Kona ya chini ya shamba, karibu na kwa Mama Dama, ilisimama maji siku tatu kisha yakapasua ukingo yakamwagikia upande wake. Baada ya wiki mbili mchicha ukaota pale wenyewe, kijani mpaka unang'aa, wala hakuna aliyeupanda. Kwingine kote kumetulia kama kaburi. Nikasema, ala, kumbe linataka maji mengi! Nikajifunga kibwebwe, nikachota kisimani toka asubuhi mpaka magharibi, nikalijaza shamba. Lakini mfereji nilikuwa nimeshauziba kwa ile chumvi niliyoifagia, basi maji hayakuwa na pa kwenda. Yakakaa, jua likayanywa, na baada ya siku kumi shamba likawa jeupe kuliko lilivyokuwa. Uliniuliza kwa nini nimekaa tu mlangoni. Nikakwambia nina homa.

Kesho yake nikaenda kwa Mama Dama. Nilipiga hodi mara tatu. Nilijua yumo, nilisikia mbuzi ikikuna nazi.

"Karibu," akasema, bila kuacha kukuna.

"Mama Dama, nimekuja."

"Nakuona."

"Shamba limenishinda."

"Siku nyingi najua. Linaonekana vizuri kutoka njia ya juu."

Nilistahili. Lakini akapangusa mikono, akatoka nami. Alipofika akachota udongo akatia mdomoni, hivyo hivyo ufanyavyo wewe, maana ndiye aliyekufundisha baadaye. Akatema. "Hii si dawa ya mtu, mama. Hii ni supu." Akaniuliza namwagilia vipi. Nikamweleza, kopo moja moja, kila jioni, na asubuhi nafagia. Mama Dama akakaa chini, pale pale kwenye ile nyeupe, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Mulungu wangu! Wajua kule kazini tukitaka chumvi twafanyaje? Twatia maji kidogo, twayatandaza, twaliachia jua. Halafu kidogo tena. Halafu twafagia. Wewe hulimi mchicha, Mama Mwanaidi. Walima chumvi! Ungekuja Gongoni ungepewa unyapara siku ya kwanza."

Tulizibua mfereji siku nne. Kila pauro ya udongo niliyoitoa ilikuwa chumvi niliyoifagia mwenyewe. Tukaushusha mpaka magotini, chini kuliko mizizi inakofika. Akanionyesha kupandisha kingo, kulijaza jaruba maji baridi ya mvua mpaka yasimame, kuyaacha yazame, yabebe chumvi yatokee nayo mferejini. Kisha tena. Baada ya hapo si kopo la kila jioni. Tia kidole, ukikuta pamekauka ndani, linyweshe lishibe, halafu liache. Funika kwa nyasi jua lisilinyonye. Panda ubavuni mwa tuta, usipande kichwani, maana chumvi hupenda kupanda juu. Yote haya unayajua, mikono yako imo.

Usiyoyajua ni maneno ya siku ile ya nne. Nilimwomba radhi, nimesimama ndani ya mfereji, tope limenifika magotini, yeye yuko juu. Akasema, "Mimi yamenitoka. Njia ya juu ndefu, mtu akitembea sana humtoka. Lakini sikupita huko mimi peke yangu. Umemwambia mwanao kama Dama alikuja?"

Nikasema nitamwambia. Hiyo ni miaka miwili na nusu. Leo asubuhi, ulipokuwa unakunja nguo, Mama Dama ameniuliza tena, kwa macho tu.

Kwa nini sikukwambia? Kila siku niliona leo si siku yake. Leo ana mtihani. Leo amefurahi. Nikawa natoa kopo moja moja: nakununulia peremende bila sababu, nakusuka hata usipoomba, nakwambia Dama alikuwa mtoto mzuri. Unakumbuka uliniuliza, "Mbona siku hizi wamsifu?" Chini halikuwa likishuka hata tone.

Na kuna linalonitisha zaidi. Juzi ulipokosana na binamu yako, hukusema neno. Ulichukua fagio. Ukafagia uwanja, ukafagia jikoni, ukafagia mpaka njiani, uso umefunga. Nikakutazama nikajiona. Mwanangu, mengine yangu chukua, macho yangu, hata ukali wangu ukikufaa. Hilo la fagio liache hapa. Jambo likikuuma huko liseme mara moja, lote, hata ukipiga kelele, mradi lipate pa kutokea.

Maji yamefika nusu ya jaruba sasa. Yanakwenda yakitoa mapovu madogo, udongo unakunywa. Jaruba hili la mwisho ndilo lililokaa kando ya mfereji, ndilo lililobeba chumvi yote niliyoifagia, ndiyo maana mengine yameshapona na lenyewe bado. Kwenye yale mawili ya juu mchicha umenifika magotini na pilipili zimeanza kuiva. Ukiwa mbali ujue kwamba hilo limewezekana. Mimi mwenyewe nikiamka hulitazama kwanza kabla sijanawa uso, nisije nikawa nimeota.

Lakini kesho nikitoka stendi nitarudi hapa peke yangu. Kikombe chako kisicho na mkono kitakuwa kimefudikizwa. Kuku watakuja mlangoni wakitafuta sauti yako watanikuta mimi. Na nani ataonja? Ulimi wangu ulikufa zamani. Wa Mama Dama haufai, amekunywa kisima hiki hiki na chumvi ya Gongoni juu yake. Wiki ijayo maji yatapita, nitatia udongo mdomoni nitauona mtamu, na sitajua kama ni mtamu kweli au ni mimi tu niliyezoea. Hivyo ndivyo nilivyoishi na lile la Dama. Nililizoea mpaka nikaliona si kitu. Wewe ndiye utakayejua uzito wake, si mimi.

Huenda ukaisoma barua hii huko bwenini ukakasirika. Kasirika. Huenda likizo ikifika ukashukia Muyeye ukakaa kwa bibi yako, na mimi sitakuja kukuvuta mkono. Dama bado yuko Vitengeni. Mamake anasema na yeye huuliza habari zako, halafu hujifanya hakuuliza. Ukitaka kumwandikia, Mama Dama atamfikishia. Mwambie ukweli wote, wala usinistahi. Mwambie mlangoni palikuwa na mtu mzima mjinga.

Jaruba hili sitalipanda mpaka uje uonje. Mama Dama ananambia ni kupoteza msimu, naye ana haki. Lakini nimeamua. Ukishuka basi ukaja moja kwa moja huku, utavua viatu hapa ukingoni, utatia udongo mdomoni, utanambia. Ukishukia Muyeye, nitasikia tu, mji mdogo huu, na nitaendelea kulipitishia maji kila zamu yetu ikifika. Sitafagia.

Huyo Mama Dama anaita. "Mama Mwanaidi we! Yametoka! Njoo uonje!" Nimemwambia naja, namalizia mstari. "Njoo na ulimi," asema, "usije na daftari!" Ulimi wangu umekwenda Muyeye, mwanangu, lakini naenda hivyo hivyo, nitayaonja, na hata nikiyaona matamu sitamwambia mtu yeyote mpaka wewe uje uonje.